Damu Ilisema, Sisi Tukanyamaza



Wiki hii nitazungumza juu ya karatasi moja. Ni karatasi ya maabara, ya aina ile ambayo wengi wetu tumewahi kuishika na kuitazama kama kwamba tunaisoma, hali ya kuwa hatuelewi hata mstari mmoja. Karatasi hii ilitoka katika kliniki moja ya hapa mjini, na jina lililoandikwa juu yake ni la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Jambiani. Siku ile alikuwa hajatimiza miaka minne.

Ilikuwa msimu wa kipupwe, kusi inavuma. Anayeijua Jambiani anajua kusi inavyoingia pale. Kijiji kimelala ufukweni, kimeelekea mashariki, na baina yake na bahari kuu hakuna ila mwamba. Saa nane za usiku simu yangu ililia. Dada yangu hakusalimia. Alisema tu, "Kaka, mtoto kifua kimembana tena," na nyuma ya sauti yake nikaisikia pumzi ya yule mtoto ikipiga filimbi. Ilikuwa mara ya tano mwaka ule. Asubuhi walipanda gari ya kwanza ya 309 wakaja mjini, nami nikawachukua nikawapeleka.

Wakamtoa mtoto damu. Tukakaa kwenye benchi, tukangoja. Kijana aliyetuhudumia alipoletewa majibu, aliweka kidole juu ya mstari mmoja wenye alama ya nyota. "Eosinofili, asilimia 11," akasema. Akaonesha mstari wa pili, IgE, tarakimu yake imepita mpaka mara nyingi. "Damu imeshasema. Huyu ni mtoto wa pumu." Kisha, akiwa anaandika na hakuinua kichwa, akauliza, "Kwenu kuna mtu mwenye pumu?"

Dada yangu akajibu, "Hakuna."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nilijua kwamba jibu lile si kweli, na sikusema neno. Hayo nitayarejea mwishoni. Kwanza nataka tuulizane: ile tarakimu 11 imetoka wapi? Nani wa kwanza aliyesema kwamba damu ya mtoto inaweza kutabiri pumu? Na huyo aliyesema, alikuwa anamtazama mtoto wa wapi?

Hadithi inaanzia Ujerumani, mwaka 1879. Kijana mmoja aliyeitwa Paul Ehrlich alikuwa na mapenzi makubwa na rangi za viwandani, zile za kutilia nguo. Alichukua tone la damu, akalipaka juu ya kioo, akalikausha, akalitia rangi, kisha akaliweka chini ya hadubini. Miongoni mwa rangi zake ilikuwamo moja nyekundu iliyoitwa eosini, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya alfajiri. Ehrlich akaona kwamba kuna chembe nyeupe za damu ambazo ndani yake zina punje punje, na punje hizo huinywa eosini hata zikawaka nyekundu kama mbingu kabla ya jua kuchomoza. Akaziita eosinofili, yaani wapenzi wa eosini. Kwa mtu mzima wa afya chembe hizo ni chache, hazizidi nne au tano katika kila chembe nyeupe 100.

Kabla karne ya 19 haijamalizika, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshaziona zikiongezeka katika hali mbili. Waliziona kwa wagonjwa wa pumu, hata katika makohozi yao. Na waliziona kwa watu wenye minyoo. Tafadhali, msomaji, liweke jambo hili moyoni, kwa sababu mazungumzo yetu yote yanalizunguka. Tangu mwanzo, chembe hizi zilikuwa na mabwana wawili.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Hii itawachekesha wavuvi wa kwetu. Daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Akila kidogo tu, mwili unamvimba na kumwasha. Mwenzake Carl Prausnitz alikuwa anakula samaki bila ya tatizo lolote. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner, wakamdunga nayo Prausnitz kwenye ngozi ya tumbo. Siku ya pili wakadunga maji ya samaki pale pale. Pakavimba. Basi ikathibitika kwamba mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, unabebwa na kitu kilichomo ndani ya damu, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Lakini ni kitu gani? Zaidi ya miaka arobaini ilipita na jibu halikupatikana.

Jibu lilikuja kutoka pande mbili, karibu wakati mmoja. Mjini Denver, Marekani, mke na mume wa Kijapani, Teruko na Kimishige Ishizaka, mwaka 1966 walitangaza kwamba wameipata kingamwili mpya inayosababisha mzio, na katika kuitafuta walizijaribu dawa zao juu ya ngozi zao wenyewe. Mjini Uppsala, Sweden, S. G. O. Johansson na Hans Bennich waliikuta kingamwili ya ajabu katika damu ya mgonjwa mmoja wa saratani ya uboho, nao wakaitangaza mwaka 1967. Kumbe ni kitu kimoja. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likawakutanisha watafiti hao, na kingamwili ile ikapewa jina la IgE. Kuanzia hapo mzio ukawa na kipimo cha damu.

Sasa tufike karibu na kwetu. Mwaka ule ule wa 1968, Johansson na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya vipimo vya damu ya watoto wadogo wa Ethiopia. Walikuta IgE nyingi mno, mara nyingi zaidi kuliko ya watoto wa Sweden. Je, watoto wa Ethiopia walikuwa wanaugua pumu kupita watoto wote wa dunia? La. Walikuwa na michango ya tumbo. Wale waliokuwa na minyoo mirefu ile ya mviringo ndio waliokuwa na IgE nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba kipimo hakijamaliza hata mwaka mmoja tangu kipewe jina, Afrika Mashariki ilikuwa imeshatoa onyo. Huku kwetu, mwenye kuisoma damu ajue kwamba ndani yake wanasema wawili.

Onyo lile halikuwazuia watu kutafuta utabiri, na si haki kuwalaumu. Mzazi gani asiyetaka kujua mapema? Nchini Sweden watafiti walipima IgE katika damu ya kitovu, yaani ile inayobaki katika kiungamwana mtoto anapozaliwa, wakawafuatilia watoto zaidi ya 1,600 mpaka walipofika miaka saba. Matokeo yalipotolewa mwaka 1984, matumaini yalikuwa makubwa. Lakini kadiri utafiti ulivyorudiwa kwengineko, ilionekana kwamba watoto wengi waliokuja kupata mzio walizaliwa na damu isiyo na dalili yoyote.

Wakati huo huo, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, ilikuwa imeanza kazi ambayo mpaka leo ndiyo inayotajwa sana. Kuanzia mwaka 1980, Lynn Taussig na wenzake waliandikisha watoto wachanga 1,246 na kuwafuata mwaka hadi mwaka. Nani amebanwa na kifua? Nani amepona? Nani amekua nayo? Waligundua jambo linaloweza kumpa faraja mama yeyote. Watoto wengi wanaopiga filimbi kifuani katika miaka mitatu ya mwanzo huacha wenyewe, na hawawi watu wa pumu.

Je, utamjuaje anayeendelea? Mwaka 2000, kutokana na watoto wale wale wa Tucson, daktari Jose Castro-Rodriguez na wenzake walitoa kanuni. Mtoto awe amebanwa mara kwa mara kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kisha itazamwe moja kati ya dalili mbili kubwa: mzazi wake ana pumu iliyothibitishwa na daktari, au mtoto mwenyewe ana ukurutu wa mzio kwenye ngozi. Zikikosekana hizo, zitafutwe mbili kati ya dalili tatu ndogo: eosinofili kufika asilimia 4 au zaidi katika damu, kubanwa na kifua hata pasipo mafua, na mafua ya mzio. Watoto ambao kanuni hii haikuwashika, zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuwa na pumu baina ya umri wa miaka 6 na 13.

Wasikilizaji, naomba mtazame vizuri mpangilio ule. Damu imo. Lakini imewekwa miongoni mwa dalili ndogo, tena haitoshi peke yake. Shahidi wa kwanza ni ukoo wa mtoto. Na ukoo hauonekani kwenye hadubini. Unaulizwa, nao unajibu.

Pia muuangalie mji wenyewe. Tucson imo jangwani. Mtoto wa Tucson akiwa na eosinofili nyingi, ni nadra sababu kuwa ni minyoo. Kwetu mambo ni mengine, na hata ndani ya kisiwa hiki kimoja cha Unguja damu zetu hazina historia moja. Kaskazini na katikati ya kisiwa kuna vijito na mabwawa, na wamo konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho. Kusini na mashariki, kwetu Jambiani, Makunduchi na Paje, nchi ni ya mawe ya matumbawe. Maji hunywewa na ardhi kabla hayajawa mto, na konokono wanaopatikana upande huo ni wa jamii nyingine, isiyoambukiza kichocho. Basi mtoto wa Jambiani ameepukana na kichocho cha kijijini kwake. Lakini hakuepukana na safura wala michango mingine. Matende nayo yalikuwapo upande wa kusini. Dawa za matende zilipoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001, Kizimkazi kilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyochaguliwa kupimwa ili kuonesha kama kazi inafaulu. Na wadudu wote hao, wa kichocho, wa safura na wa matende, huziita eosinofili na IgE kwa wingi.

Kuna kubwa kuliko hilo. Baadhi ya michango, kabla haijatua tumboni, hupita mapafuni. Vilumbi vyake hutoka katika damu, huingia kwenye mapafu, hupanda kooni, kisha humezwa. Katika safari hiyo mtoto anaweza kukohoa na kupiga filimbi. Daktari Wilhelm Löffler wa Zürich, Uswisi, aliieleza hali hiyo mwaka 1932. Basi fikiri: mtoto kifua kinambana, na damu yake imejaa eosinofili. Inaweza kuwa pumu. Inaweza kuwa minyoo inapita njia. Inaweza kuwa yote mawili. Karatasi ni moja.

Wanasayansi wa ukanda wetu wamelifanyia kazi swali hili. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwalinganisha watoto wa Thika mjini na wa Kabati kijijini. Dalili za minyoo katika damu zilikuwa nyingi zaidi Kabati. Na kule Thika, mtoto mwenye ngozi inayoitika vipimo vya mzio ndiye aliyekuwa karibu zaidi na pumu, lakini Kabati uhusiano huo haukuonekana. Nchini Uganda, mjini Entebbe, wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa kuanzia mwaka 2003. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wa akina mama waliopewa dawa ya minyoo ya albendazole wakati wa mimba walipata ukurutu zaidi. Hapo watu wakaanza kusema, kumbe minyoo ni kinga ya mzio! Lakini tusikimbilie. Utafiti mwingine wa Uganda, katika visiwa vya Koome ndani ya Ziwa Victoria, uliwapa watu dawa za minyoo kwa wingi muda wa miaka mitatu, na kubanwa kwa vifua hakukuongezeka. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba redioni nimewaambia watoto wasipewe dawa za minyoo. Wapewe. Safura humla mtoto damu.

Hapa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 juu ya wanafunzi wa sekondari wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Bagamoyo yalionesha kwamba waliobanwa na kifua ndani ya miezi 12 walikuwa karibu mara mbili zaidi Ilala kuliko Bagamoyo. Mji unaleta pumu yake. Na sisi wa Unguja tunazidi kuwa watu wa mji, hata tukiwa shamba. Barabara ya lami imefika Jambiani, hoteli zimejaa ufukweni, vyumba vimezibwa madirisha, magodoro ni ya sponji. Miaka ya 1990 skuli zetu za Unguja na Pemba zilianza kugawa dawa za minyoo, na minyoo imepungua. Mtoto wa leo wa Jambiani si mtoto wa Tucson, na si mtoto wa Ethiopia wa mwaka 1968. Yuko katikati. Damu yake ndiyo ngumu kuliko zote kuisoma.

Na thamani ya tarakimu ile inapanda. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo mepolizumab kwa ajili ya pumu kali ya eosinofili, na mgonjwa huchaguliwa kwa kuhesabiwa chembe hizo katika damu. Dawa za namna hiyo ni ghali sana. Siku zikiwa nyepesi na kufika kwetu, itakuwaje ikiwa mpaka wa hesabu ulipimwa kwa watu wasiojua safura? Hili si swali la kuwaachia wageni watujibie.

Narudi kwenye ile benchi.

Dada yangu alipokuwa mdogo alikuwa na pumu. Naijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu tulilala chumba kimoja. Mama yetu alikuwa mpiga makumbi, kama wanawake wengi wa Jambiani. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni muda mrefu mpaka yaoze, kisha hufukuliwa, hupigwa kwa gongo, na usumba wake husokotwa kamba. Usumba mkavu ulikuwa umejaa ndani ya nyumba. Zikiongezeka na siku za kuchomwa tanuu la chokaa, moshi ukatanda kijijini, dada yangu alikuwa akikaa kitako usiku kucha, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Mimi nilikuwa natumwa kwa jirani kuomba maji ya moto. Nikirudi namkuta mama anamsugua mgongo na kumwambia, "Vuta, mwanangu, vuta." Pampu hatukuwa tunaijua. Alipofika kama miaka kumi na miwili, pumu ilimwacha.

Ilipomwacha, wazee wetu waliifuta. Tuliambiwa isitajwe. Mtoto wa kike mwenye pumu, walisema, atakuja kuposwa na nani? Watu wataogopa kuingiza maradhi katika ukoo wao. Basi tukakua na neno hilo limefungwa kama mzigo juu ya kabati, kila mtu anajua lipo, hakuna anayelishusha. Dada yangu akaolewa, mumewe hajui. Na siku ile alipoulizwa na kijana mwenye kalamu, alijibu kama alivyofundishwa. Nami, mwandishi wa habari mwenye stashahada, ambaye kila wiki nawaambia wakubwa wa nchi waseme kweli mbele ya kipaza sauti, nikaitazama sakafu.

Tulipewa dawa ya kikohozi na maneno mazito. Dada akarudi Jambiani na hofu. Akamzuia mtoto asicheze ufukweni, asikimbie, asikaribie maji. Mtoto alikuwa anakaa barazani akiwatazama wenzake wakicheza mpira maji yakitoka. Kifua kikaendelea kubana.

Baada ya mwezi tukampeleka kwa daktari mwengine, mtu mzima, mwenye nywele nyeupe. Alipoiona karatasi, alitabasamu. "Tarakimu hii mimi naiona kwa watoto wanaokimbia kutwa na hawajakohoa hata siku moja," alisema. Akataka choo cha mtoto kipimwe. Safura ikaonekana, mtoto akapewa dawa. Miezi mitatu baadaye damu ilipimwa tena. Eosinofili zilikuwa zimeshuka mpaka asilimia 5. Lakini katika miezi hiyo mitatu mtoto alikuwa amebanwa mara mbili nyengine.

Daktari akaiweka karatasi pembeni. Akamgeukia dada yangu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, damu ya mtoto nimeshaisikia. Sasa nataka kukusikia wewe. Wewe mwenyewe, utotoni, kifua chako kilikuwaje?"

Chumba kilinyamaza. Dada akanitazama. Safari hii sikuitazama sakafu. Nikasema, "Mwambie." Naye akamwambia yote, na maji ya moto, na usumba, na mabega. Alilia kidogo. Daktari alikuwa anaandika, na naweza kusema kwamba aliandika mengi zaidi kutoka mdomoni mwake kuliko kutoka katika zile karatasi mbili.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona basi yule kijana wa mwanzo alisema ni pumu, na ikawa pumu? Damu si ilisema kweli? Ndiyo, alipatia. Lakini alipatia kama mtu anayepiga ramli. Karatasi ile ile, siku ile ile, angeliisoma juu ya mtoto wa jirani mwenye safura tu, naye angempa mama yule hofu ya maisha bure. Na kwa kuwa hakuwa na uhakika wa alichokisema, alitoa neno tu, hakutoa matibabu. Daktari wa pili alipopata ushuhuda wa mama, alianza matibabu ya kila siku, dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa njia za pumzi. Akatufundisha pia jambo ambalo nawaomba mkawaulize madaktari wenu. Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu vizuri peke yake, anahitaji kifaa cha kati cha kushikilia dawa. Kifaa hicho dukani ni ghali. Lakini watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa sawasawa pale pampu inapoingia, hufanya kazi ile ile wakati mtoto amebanwa.

Leo mpwa wangu anacheza mpira Jambiani. Maji yakitoka, anakwenda na wenzake mpaka karibu na mashamba ya mwani, anarudi miguu imejaa mchanga. Pampu iko katika kijaluba cha bibi yake, pale pale alipokuwa anaweka tambuu. Usiku wa kusi bado tunamsikiliza.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia dada yangu kuomba ruhusa. Nilidhani atakataa. Alicheka, akasema, "Sema, kaka. Mimi nimeshaolewa." Kisha akanyamaza, akaongeza, "Baba yake nilimwambia. Akaniuliza tu kwa nini sikumwambia siku zote hizo, kwa sababu mama yake naye alikuwa nayo."

Zipo nyumba ngapi za namna hiyo, Jambiani, Ng'ambo, Mji Mkongwe? Mume anaficha, mke anaficha, na katikati yao amelala mtoto ambaye hawezi kuvuta pumzi. Sayansi ilianza na tone la damu la Ehrlich mwaka 1879, na katika hesabu ya Tucson bado swali la kwanza linaulizwa kwa mdomo: mzazi wake ana pumu? Swali hilo halihitaji maabara wala nauli ya 309. Linahitaji mtu mmoja nyumbani aseme kweli.

Tukijaaliwa uhai, tukutane wiki ijayo.